UZI: Ikama imefungwa, ankara zinaongezeka. Nani anaamua kazi ipi ifanywe na mwajiriwa, na ipi iende kwa mtu wa mkataba au timu ya nchi nyingine?

Mleta Mada

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Mijadala kuhusu kampuni zinazochanganya waajiriwa wa kudumu, watu wa mkataba na timu zilizo nchi nyingine huishia kwenye kambi mbili: wanaoona kwamba huo ni unyonyaji uliovalishwa suti, na wanaoona kwamba ni biashara ya kawaida isiyoeleweka kwa wanaoilalamikia. Ningependa tuziache kambi zote mbili kwa muda, tutazame jambo linalotangulia, nalo ni namna uamuzi wenyewe unavyofanyika. Maoni yangu ni kwamba kampuni nyingi hazifikii mchanganyiko huo kwa kuitazama kazi. Hutazama kifungu cha bajeti chenye fedha, na sababu za kitaalamu hutafutwa baadaye.

Utaratibu uko hivi. Uongozi wa juu huweka ukomo wa idadi ya waajiriwa, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayoangaliwa na wawekezaji, na ndiyo inayobeba mishahara, pensheni, bima na gharama za kupunguza watu mambo yakiharibika. Mkuu wa idara anaambiwa kwamba ikama imefungwa. Kazi, hata hivyo, haijapungua, na malengo ya mwaka yako palepale. Anachobakiwa nacho ni fungu la manunuzi ya huduma, ambalo lina ukomo wa fedha lakini halina ukomo wa watu. Basi mtu yuleyule ambaye angeajiriwa analetwa kupitia wakala, anaketi kiti kilekile na kuhudhuria vikao vilevile, ila katika vitabu vya hesabu anaonekana kama ankara, kwenye safu moja na umeme na pango la ofisi. Idara ya rasilimali watu haimhesabu kabisa, na idara ya manunuzi inamjua kwa bei yake tu. Kwamba mtu huyo anajifunza mambo ambayo kampuni itayahitaji mwakani, hilo halina safu ya kuandikwa.

Jambo hili si la pembezoni. Machi 2019, kwa mujibu wa gazeti la New York Times, Google ilikuwa na watu wa muda na wa mkataba wapatao 121,000 duniani kote, wakati waajiriwa wake kamili walikuwa 102,000. Waajiriwa walivaa beji nyeupe, wale wengine nyekundu. Kampuni ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawamo katika orodha yake ya waajiriwa haiwezi tena kueleza kwamba imewaleta kuziba mapengo ya msimu.

Mwaka 1937 mchumi Ronald Coase, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliuliza swali linaloonekana la kitoto: ikiwa soko linaweza kumpatia mtu kila huduma kwa bei ya ushindani, kwa nini kampuni zipo? Jibu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko kuna gharama zake. Kumtafuta mtu, kujadiliana naye, kuandika mkataba na kusimamia utekelezaji wake ni kazi inayokula fedha, na pale gharama hizo zinapozidi gharama za kumwajiri, ni nafuu kumwajiri. Intaneti imeshusha sana gharama ya kumtafuta mtu na ya kumtumia kazi popote alipo. Haikushusha kwa kiwango hichohicho gharama ya kuelewana naye. Nafikiri makosa mengi ya kampuni hutokana na kuzichukua gharama hizo mbili kana kwamba ni moja.

Historia ya kazi kuvuka mipaka inalionyesha hilo vizuri. Texas Instruments ilifungua kituo chake Bangalore mwaka 1985, na miaka kumi na kitu baadaye tatizo la tarehe za mwaka 2000 likaisukuma dunia nzima kutafuta waandaaji wa programu wengi kwa mpigo. Kazi ile ilisafiri vyema. Ilikuwa kubwa na ya kuchosha, lakini kanuni yake ilijulikana tangu mwanzo: tafuta kila mahali ambapo mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili, rekebisha, jaribu. Anayeituma aliweza kuieleza yote kwa maandishi, na anayeipokea aliweza kujua ameimaliza lini. Kampuni nyingi zilipoona mafanikio hayo zilihitimisha kwamba kazi yoyote ya kompyuta inaweza kutumwa vivyo hivyo, zikiwemo zile ambazo wenyewe bado walikuwa hawajui wanataka nini.

Mfano mwingine, nao haukuwa wa programu, ni ndege ya Boeing 787. Kampuni hiyo iliwaachia wabia na wazabuni sehemu kubwa ya usanifu na utengenezaji, si kukata vyuma kwa vipimo vilivyokwisha kutolewa tu. Ndege ya kwanza iliyopangwa kukabidhiwa mwaka 2008 ilimfikia mteja Septemba 2011. Katikati ya kuchelewa huko, mwaka 2009, Boeing ililazimika kukinunua kiwanda cha mmoja wa wazabuni wake huko South Carolina ili kazi iende. Na kiwanda cha Wichita ambacho yenyewe ilikiuza mwaka 2005, kikawa kampuni ya Spirit AeroSystems, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inakinunua tena. Wapo watakaosema hizo ni hesabu za viwanda vya ndege. Mimi naona ni habari ya maarifa yaliyouzwa pamoja na mashine, kisha yakahitajika.

Sasa nifike kwenye gharama ambayo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu, kwa sababu haionekani kwenye ripoti yoyote. Chukulieni mhandisi mwandamizi aliyeajiriwa kuandika programu. Idara yake inapewa watu watano wa mkataba na timu ya watu wanane nchi nyingine. Kuanzia hapo asubuhi yake inaisha kwa kujibu maswali, mchana anapitia kazi za wengine, jioni anaomba ruhusa za mifumo kwa ajili ya mtu mpya aliyechukua nafasi ya yule aliyeondoka juzi, na kazi aliyoajiriwa kuifanya anaigusa usiku. Mshahara wake haujabadilika, kwa hiyo katika hesabu za mradi muda huo wote ni bure. Mkataba unaonekana nafuu kwa sababu umepunguziwa bei na mtu ambaye hakuulizwa. Mwisho wa mwaka anapimwa kwa programu alizoandika, zinaonekana chache, na anapoacha kazi ikama inaendelea kufungwa na nafasi yake inajazwa na mtu wa mkataba. Mzunguko huo nimeuona zaidi ya mahali pamoja, na kila mara aliyelaumiwa alikuwa mtu wa mkataba au mtu wa nchi nyingine, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Karibuni tujadili.

Msomi wa Sheria

Mleta mada, naunga mkono hoja, ila umeiacha sheria nje, na sheria ndiyo inayoeleza baadhi ya mambo ya ajabu uliyoyagusa, zikiwemo hizo beji.

Kesi ya Microsoft ni ya kufundishia. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilichunguza kampuni hiyo mwaka 1989 na 1990, ikaona kwamba mamia ya watu iliowaita watoa huduma huru walikuwa waajiriwa kwa mujibu wa sheria, kwa namna walivyoelekezwa na kufanya kazi bega kwa bega na waajiriwa wengine. Mwaka 1992 baadhi yao walishtaki wakidai mafao, ikiwemo haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei ya mwajiriwa. Walikuwa wametia saini karatasi inayosema wao si waajiriwa. Karatasi hiyo haikuisaidia kampuni, na mwaka 2000 ilikubali kulipa dola milioni 97 kumaliza shauri.

Msingi huo umeenea. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka uhusiano wa kazi utambuliwe kwanza kwa ukweli wa jinsi kazi inavyofanywa na kulipwa, hata kama pande zote ziliuita jina lingine. Linataja dalili zenyewe: nani anatoa maelekezo, nani anapanga saa, vifaa ni vya nani, je, mtu huyu anamfanyia kazi mmoja tu, je, analipwa kwa vipindi kama mshahara. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuata mkondo huohuo Februari 2021 kuhusu madereva wa Uber. California ilikwenda mbali zaidi: hukumu ya mwaka 2018, iliyogeuzwa kuwa sheria kuanzia Januari 2020, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, ukiacha kazi zilizosamehewa, mpaka anayemlipa athibitishe kwamba hamwongozi, kwamba kazi ile si shughuli ya kawaida ya biashara yake, na kwamba mtu huyo ana biashara yake mwenyewe inayojitegemea. Hilo sharti la kati ndilo linalowanyima usingizi wakurugenzi, kwa sababu watu wengi wa mkataba hufanya kazi ileile inayofanywa na waajiriwa.

Lakini tazameni matokeo yake upande wa pili. Kutokana na kesi ile, Microsoft iliweka ukomo: mtu wa wakala angefanya kazi mwaka mmoja, kisha akae nje siku 100 kabla ya kurudi. Mwaka 2014 ukawa miezi 18, na mapumziko ya miezi sita. Kampuni nyingine zimeiga. Kwa kuogopa mtu asifanane na mwajiriwa, zinamzuia kuhudhuria mafunzo, hazimwaliki kwenye hafla ya idara, na zinamwondoa pale anapoanza kuielewa kazi. Sheria ililenga kumlinda, na yeye anaipata kama tarehe ya kuondoka. Siilaumu sheria. Kampuni ilikuwa na njia mbili za kuitii, kumwajiri au kumtofautisha, na ikachagua ya pili.

Zamu ya Usiku

Wakuu, naomba niseme kitu kutoka upande wa wanaoitwa timu ya nchi nyingine, maana huwa tunajadiliwa kama bidhaa iliyo njiani.

Kwanza, msituweke wote kapu moja. Kuna anayefanya kazi katika ofisi tanzu ya kampuni yenyewe, mwenye mkataba wa ajira wa kampuni hiyo, anayeweza kupanda cheo hadi akaongoza bidhaa. Na kuna anayeajiriwa na kampuni ya huduma, ambaye leo anamhudumia mteja huyu na kesho yule, na ambaye mwajiri wake hupata faida kwa idadi ya saa alizouza. Hata ofisi moja inaweza kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine: General Electric ilianzisha kitengo chake cha huduma India mwaka 1997, kikaja kuwa kampuni huru iitwayo Genpact. Mtu aliyelala akiwa ndani ya kampuni aliamka akiwa mzabuni wake.

Pili, suala la saa. Kati ya India na New York kuna tofauti ya saa tisa na nusu au kumi na nusu, kutegemea majira. Swali likitokea asubuhi yangu, wa kulijibu amelala. Akiamka na kujibu, mimi nimeondoka, na jibu lisipoeleweka duara linaanza upya. Jambo ambalo watu wawili waliokaa meza moja wangelimaliza kabla chai haijapoa linakula siku tatu. Suluhisho la kawaida ni kuturudisha kazini usiku, na sijaona mara nyingi likiwa kinyume chake.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, tunaambiwa hatujiongezi. Tunasubiri kuambiwa. Someni mikataba basi. Mteja ameandika kurasa za maelekezo, malipo yamefungwa kwenye maelekezo hayo, na tukifanya kisichoandikwa hakilipwi, wakati mwingine tunaambiwa tumekiuka masharti. Mtu akiona kosa katika mpango wa mteja, kulisema kunamletea msimamizi wake majadiliano ya bei. Ukimya huo ambao mteja anauita utamaduni wa watu wa mbali ameununua mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Wenzetu wa ofisi tanzu, nchi ileile na vyuo vilevile, hubishana na makao makuu kila wiki.

Mtoa Huduma Huru

Mnazungumza kana kwamba kila mtu wa mkataba analilia ajira. Mimi nina wateja kadhaa, bei naipanga mwenyewe, na nikimchoka mteja namaliza kazi yake na kuondoka. Sitaki mwajiri.

Mleta Mada

Ndugu Mtoa Huduma Huru, uko sahihi, na wewe si mtu ninayemzungumzia. Una wateja kadhaa na bei ni yako, kwa hiyo hata kwa vigezo alivyovitaja Msomi wa Sheria wewe ni mfanyabiashara. Tofauti iko kwa yule mwenye mteja mmoja kwa miaka, anayepangiwa bei na wakala, asiyejua wakala anamlipisha mteja kiasi gani. Uingereza ina kanuni za kodi za tangu mwaka 2000 zilizotungwa kuwatenganisha watu wa aina hizo mbili, na tangu Aprili 2021 kampuni kubwa na za kati za sekta binafsi ndizo zinazopaswa kuamua nani yuko upande gani. Nyingi ziliona ni salama kuwaweka wote upande mmoja bila kumchunguza mtu mmoja mmoja, jambo lililowaudhi hata waliostahili kuachwa.

Mlinzi wa Mifumo

Nitaongeza mawili ambayo wakuu wa idara huyasikia wakishachelewa.

La kwanza ni ruhusa za kuingia kwenye mifumo. Mwajiriwa akiondoka, idara ya rasilimali watu hutoa taarifa na akaunti zake hufungwa siku hiyohiyo. Mtu wa wakala akiondoka, taarifa inabaki kwa wakala. Nimekagua mifumo na kukuta akaunti hai za watu ambao hakuna aliyewakumbuka hata sura. Hatari yake si ya kufikirika: wavamizi walioiba taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka maduka ya Target huko Marekani mwaka 2013 waliingia kwa kutumia nywila za mzabuni wa mitambo ya kupozea hewa. Mzabuni wa viyoyozi, jamani.

La pili ni umiliki wa kazi. Watu hudhani kwamba aliyelipa ndiye mwenye mali. Kwa kazi za mwajiriwa ni kweli kwa kawaida. Kwa mtu wa mkataba, sheria za Marekani na za Uingereza zinaanzia upande wa pili: hakimiliki ni ya aliyetengeneza, isipokuwa ameihamisha kwa maandishi. Mahakama ya Juu ya Marekani ililieleza hilo mwaka 1989 katika shauri la mchonga sanamu aliyepewa kazi na shirika la hisani. Haikutosha kwamba shirika ndilo lililotoa wazo na fedha. Kampuni changa hugundua pengo hili pale mnunuzi anapotaka kuona hati, na mtu aliyeandika nusu ya programu ameshahama na hajibu barua pepe.

Mleta Mada

Nashukuru kwa michango. Ndugu Zamu ya Usiku, hoja yako kwamba ukimya umo ndani ya mkataba imenisaidia kuisema hoja yangu vizuri zaidi: mnunuzi anayelipia utekelezaji wa maelekezo peke yake asishangae akipata utekelezaji wa maelekezo peke yake.

Kwa vitendo ningeanza na masharti ya malipo. Makabidhiano yasiwe kikao cha saa moja wiki ya mwisho. Sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe baada ya mwajiriwa ambaye hakuijenga kazi ile kuiendesha peke yake, kuivunja kwa makusudi na kuirudisha, huku aliyeijenga akitazama bila kugusa. Hilo likiwa katika mkataba tangu mwanzo, nyaraka huandikwa. Lisipokuwemo, haziandikwi, hata mhusika awe mwadilifu namna gani, kwa kuwa hakuna aliyemlipa aziandike.

Pia saa za waajiriwa wanaosimamia ziingizwe kwenye bei ya mkataba kabla ya kulinganisha. Baadhi ya mikataba itabaki nafuu hata hivyo, hasa ya kazi inayoelezeka yote kwa maandishi au ya utaalamu unaohitajika kwa miezi michache. Hiyo itolewe bila wasiwasi. General Motors ilipotangaza mwaka 2012 kwamba itarudisha ndani kazi za kompyuta ambazo karibu asilimia 90 zilikuwa kwa wazabuni, haikusema wazabuni ni wabaya. Ilitaka wanaojua mifumo ya kampuni wawe wa kampuni.

Tena tofauti ya mishahara kati ya nchi si nguzo ya kuegemea peke yake, kwa kuwa kalamu ya mtunga sheria huweza kuisogeza. Kuanzia mwaka 2022 Marekani ilizilazimu kampuni kusambaza gharama za utafiti na uundaji wa programu kwa miaka mitano zikifanyika ndani ya nchi na miaka 15 zikifanyika nje. Julai 2025 sheria mpya ikaziruhusu za ndani kukatwa mara moja, na za nje zikaachwa kwenye miaka 15. Timu haikuwa imebadilika hata kidogo, ila hesabu yake ilikuwa nyingine.

Mkaguzi wa Hesabu

Mleta mada, mapendekezo yako ni mazuri lakini hayatafuatwa na mkuu wa idara anayepimwa kwa idadi ya waajiriwa. Ukimwambia aweke saa za usimamizi ndani ya bei, utakuwa unamwomba ajiharibie ripoti mwenyewe. Shida iko juu yake.

Tangu mwaka 2020 kanuni za soko la mitaji la Marekani zinazitaka kampuni kueleza rasilimali watu zao, ikiwemo idadi ya waajiriwa, palipo na umuhimu kwa wawekezaji. Hazizilazimishi kuwahesabu watu wa mkataba. Kwa hiyo mwekezaji anaweza kusoma kwamba kampuni imepunguza watu na kuongeza tija, ilhali kilichotokea ni watu kuhamia kwenye safu ya huduma za nje. Kama mimi ndiye ninayekaa kwenye kamati ya ukaguzi, ningetaka jedwali moja kila robo mwaka: kila anayefanya kazi ya kampuni kwa muda wote, awe analipwa kutoka kifungu gani, yuko nchi gani, na amekuwepo kwa muda gani. Hiyo safu ya muda ndiyo ningeisoma kwanza. Mtu wa muda mwenye miaka sita anahitaji kuelezwa na aliyetia saini, kwa jina, na maelezo hayo yawekwe kwenye kumbukumbu za kikao.